Pampu ya Mkanda wa Mama

Umoja, Nairobi
Alhamisi jioni

Kwa dada yangu mkubwa Truphena,

Pokea salamu kutoka kwangu mimi ndugu yako Oketch, kutoka kwa Winny, na kutoka kwa watoto, ambao siku hizi wanakula kama watu waliotoka kifungoni. Natumaini barua hii imekukuta umesimama kwa miguu yako miwili, lile goti la kushoto limepunguza kelele, na ng'ombe mwekundu amezaa salama. Sisi huku hatujambo. Mimi mwenyewe nina afya ya kutisha watu. Juzi nilipimwa presha pale zahanati, yule daktari akatazama mashine, akanitazama mimi, akaita wenzake waje waone.

Najua unajiuliza barua inatafuta nini ndani ya tangi la pampu. Ndiyo sababu nimekupigia simu nikakwambia neno moja tu, fungua kifuniko kabla ya kutia maji, kisha nikakata. Nimeifunga kwa nailoni ili isishike unyevu. Kukupigia simu nikueleze yote nisingeweza. Wewe simu yako huiweka sauti ya juu mpaka kuku wasikie, tena ukianza kuniuliza maswali mimi hupotea njia. Kwenye karatasi hunikatizi.

Mdogo wetu Ooko amekwisha kufika, bila shaka. Amekukabidhi pampu yako, amejipangusa jasho kwa leso nyeupe, amekwambia safari ilikuwa ndefu. Tafadhali usimwite bado. Soma kwanza mpaka mwisho.

Nikueleze habari za kazi, maana nasikia huko nyumbani watu husema Oketch anashinda Nairobi akikaa kivulini. Kivuli chenyewe ni kibaraza cha duka la dawa za mimea la mama mmoja anaitwa Wacuka, hapa Umoja, karibu na Outer Ring, na mimi hapo ndiye fundi wa pampu za kunyunyizia dawa. Watu wa Nairobi wanalima, dada, usicheke. Kuna wenye sukuma wiki kando ya mto, kuna wenye nyanya kule barabara ya Kangundo, kuna wazee wa Buruburu wenye maua ya waridi. Pampu zikiwagomea wote hunijia mimi. Mwaka jana alikuja meneja wa shamba la maua kutoka Naivasha akiwa na madereva wawili, mmoja wa kuendesha na mwingine wa kumfungulia mlango. Pampu yake ilikuwa imewashinda mpaka Wazungu. Mimi niliigusa tu. Ilipiga mvuke mwembamba hivi kwamba upinde wa mvua ulisimama kutoka Umoja mpaka Kariobangi, na magari yakasimama barabarani watu wapige picha. Wacuka husema hakuona kitu. Siku hiyo alikuwa ametazama upande mwingine.

Basi Jumamosi moja ndugu yetu Ooko akatokea hapo kibarazani. Viatu vinang'aa, shati limenyooshwa mpaka unaogopa kumgusa, na mkononi ana gunia. Aliniita fundi. Mbele ya wateja wangu, mtu niliyemfundisha kupiga mluzi, ananiita fundi kama vile hatukunyonya ziwa moja. Akasema gunia hilo lina pampu ya mama mmoja wanayefanya naye kazi, mkazi wa Buruburu kama yeye, na pampu imekosa nguvu. Unapampu mpaka bega linauma, mbele kunatoka matone kama pua ya mtoto mwenye mafua. Akasema niharakishe kwa sababu anasafiri karibuni.

Nikafungua gunia. Kitu cha kwanza kuona ni mkanda.

Dada, mkanda ule niliushona mimi. Wewe ulinishikia kitambaa, kile cha sare ya mama ya kanisani, wiki ile tuliyogawana nguo zake. Wewe mwenyewe ulisema mama alitubeba mgongoni sote, sasa na sisi tumbebe yeye. Ooko hakuwepo. Alikuwa amesharudi kazini, mihuri ya ofisi ilikuwa inamngoja. Ningekosaje kuujua? Hata kile kiraka cha plastiki chini ya tangi, nilichoyeyusha kwa kisu cha moto, nilikisalimia moyoni kama mtu wa nyumbani.

Mkanda sikuutaja. Nilimwambia Ooko arudi wiki nyingine, naye akasimama kidogo kama mtu aliyesahau jambo, kisha akaenda. Mimi nilibaki na pampu mapajani, na wivu ukaanza. Sitakuficha. Wivu wangu si moto wa karatasi, ni moto wa pumba, hautoi mwali na hauzimiki. Nilikuuliza moyoni, na sasa nakuuliza kwa wino, kwa nini pampu ya mkanda wa mama ulimpa Ooko? Ni sawa na mtu mwenye mwana fundi cherehani kisha apeleke suruali kwa jirani. Nilijua la kufuata. Ooko atafika nayo nyumbani, atasema nimekutengenezea, nawe utampa kuku.

Na si pampu peke yake. Wewe unajua mimi nawaza nini tangu mliponiambia wakwe wa binti yako Adongo wanakuja Desemba kwa ayie, kuleta mahari ya kwanza. Nawaza kile kiti cha mjomba. Kile kinachowekwa karibu na mlango, ambacho wageni hawawezi kuinuka mpaka mwenye kukikalia aseme neno la mwisho. Katika nyumba yetu mimi ndiye mkubwa wa wajomba wa Adongo. Lakini kila nikipiga simu nasikia Ooko ana koti, Ooko anajua kuongea na watu, Ooko atasimama vizuri kwenye picha. Kwenye yale mazishi ya kijijini ya mwezi wa kumi yeye aliwekewa kiti chenye mikono, mimi nikakaa benchi pamoja na watu wa kupiga ngoma. Huko Buruburu ana nyumba ya ngazi, ana geti ambalo hulia kabla hujaligusa. Hayo yote nimeyavumilia vizuri tu miaka mingi. Ila kiti cha mjomba, dada, kinaniuma. Darasa la saba ndipo nilipofika, lakini maneno ninayo, na unajua kwamba ninayo.

Kwa hiyo pampu hiyo niliitengeneza kwa hasira, na hakuna fundi kama fundi aliyekasirika. Nikaifungua yote nikaitandaza juu ya gunia. Kile kikombe cha ngozi kinachosukuma maji ndani ya silinda kilikuwa kimekauka na kupasuka kama kisigino, kwa sababu hukipaki mafuta. Mafuta ya kupikia yanatosha, kidogo tu kwa kidole. Pete za mpira zilikuwa zimekatika. Chujio la kwenye mpini lilikuwa limezibwa na ile dawa ya bluu ya ugonjwa wa baridi wa nyanya, imeganda kama saruji, maana wewe huimwaga ikiwa unga moja kwa moja ndani ya tangi. Ikoroge kwanza kwenye ndoo, uipitishe kwenye kitambaa, ndipo uitie. Na ile nozo ya mbele, dada, ni nani aliyeichokoa kwa mwiba? Tundu limekuwa kubwa, haliwezi tena kutoa mvuke, linakojoa. Nozo ikiziba tumia unywele wa mswaki wa zamani. Tena usiipulize kwa mdomo, hata kama uliniona mimi nikifanya hivyo. Mimi mapafu yangu ni tofauti.

Nikabadilisha vyote, nikaunganisha, nikatia maji, nikapampu. Iliimba. Watu walikuwa wamejaa pale kibarazani, na unanijua nikiona watu. Wacuka hupanga nje ya duka miche ya kuuza, maharagwe na nyanya na pilipili, kwenye mabakuli ya plastiki. Nikaivaa pampu mgongoni, nikawaambia watu watazame kazi, nikapita juu ya ile miche mara hii na mara hii, mvuke kama umande. Walipiga makofi. Wacuka mwenyewe alitabasamu, jambo ambalo hulifanya kwa nadra kama kupatwa kwa jua.

Wiki haikuisha, ile miche ikaanza kujikunja. Kwanza maharagwe, kisha nyanya. Majani yalijipinda kwa ndani, mashina yakasokotwa kama kamba, vichwa vikainama. Nilimwambia Wacuka ni jua. Akasema jua la Umoja limeanza lini kusokota. Nikamwambia labda ni mbegu. Hapo aliweka chini kikombe chake cha chai. Yeye dawa ndiyo biashara yake, alipoinua jani moja tu alijua. Akaniambia, mbele ya watu walewale walionipigia makofi, "Wewe fundi wa mdomo, hiyo pampu ilitiwa dawa ya magugu, na hukuiosha."

Pampu nilikuwa nimeifungua mpaka utumbo, nimebadilisha mipira, lakini mrija niliuacha ule ule, na tangi nililisuuza kwa haraka kwa sababu nilikuwa na hasira na hamu ya kuisikia ikiimba. Dawa ile ya kuua magugu ya majani mapana hainuki sana ikikauka. Hujificha kwenye mpira na plastiki, na tone lake moja linatosha kuinamisha maharagwe ya mtaa mzima. Wacuka alinipa adhabu ya kuzibua na kukaza pampu zote kuukuu zilizojaa nyuma ya duka lake, na bado nazifanya mpaka leo. Sijakataa. Lakini alipokuwa akinifokea mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Nilikuwa naziona nyanya zako.

Uliniambia mwenyewe mwezi wa tisa, ukilia, kwamba umenyunyiza dawa ya baridi kama kawaida na nyanya zote zimejikunja kama ngumi. Ukasema mke wa jirani yako Odero alisimama kwenye ua siku mbili kabla, akazisifu, akasema zinang'aa kama taa, akaenda bila kutema mate ya kuzuia husuda. Ukasema ni jicho lake. Na mimi, ndugu yako mwenye maneno mengi, nikakuunga mkono. Nikakusimulia habari za mwanamke wa Kariobangi aliyesifu chungu kikapasuka vipande viwili kikiwa bado na maharagwe. Tangu siku hiyo humwamkii mke wa Odero, na ua uliokuwa na njia umeuziba kwa miiba.

Sasa, nani alitia dawa ya magugu kwenye pampu yako? Nilichukua simu nikarudi kwenye lile kundi letu la familia, kwenye picha za Agosti, wakati Ooko alipokuja kusafisha boma lake. Unazikumbuka. Aliandika, boma safi, na nyinyi wote mkampongeza, wewe ukamtumia maua. Nikaikuza ile picha ya pili. Pale nyuma ya gari kuna mtu wa kibarua amesimama kwenye nyasi, na mgongoni ana pampu. Mkanda wake ni kitambaa cha mama.

Dada, nilicheka peke yangu. Nilicheka mpaka Winny akatoka jikoni. Miaka yote hii nimengoja Ooko akanyage kwenye tope na leo ameingia mpaka magotini, na mimi ndiye niliyeshika taa. Nyanya zako aliziua yeye. Aliazima pampu, akanyunyizia nyasi zake, akairudisha bila kuiosha, na wewe ukazinyunyizia nyanya kwa mkono wako ile iliyobaki. Nilikaa kitandani nikaandika maneno ya kuweka kwenye lile kundi, ili shangazi wasome, binamu wa Mombasa wasome, na wakwe wa Adongo wapelekewe. Niliyaandika vizuri sana. Hata mihuri ya ofisi nilitaja. Nilikuwa nimebakisha kubonyeza tu. Winny akaniuliza naandika nini mbona natabasamu kama paka aliyefungua sufuria, na kabla sijamjibu simu ikalia. Ni Ooko. Anasema twende soko la Burma tule nyama choma.

Ooko hajawahi kuniita Burma. Nilikwenda ili nimtazame vizuri kabla sijambonyeza. Tukakaa nje ya bucha moja, yule mchoma nyama akamwita Ooko mkubwa, akaniuliza mimi kama nitataka soda. Ooko aliagiza mbavu, zikaja, na hakuzigusa. Alikuwa anakata kipande kidogo kidogo na kukisogeza ukingoni mwa ubao. Mwishowe aliniuliza, bila kuniangalia, kama ile dawa hutoka kabisa pampu ikioshwa.

Nikamwuliza dawa gani.

"Ile ya magugu, Oketch. Usinifanye niitaje mara mbili."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba, lakini alinitangulia. Alisema hakujua. Kibarua alimhakikishia ameisuuza. Uliposimulia jinsi nyanya zilivyojikunja, yule kibarua ndiye aliyemwambia kwa simu kwamba huenda ni pampu, na Ooko hakulala. Mwezi wa kumi kwenye mazishi aliichukua kwako haraka akisema atakutafutia fundi, kwa sababu ulikuwa unataka kunyunyizia ile miche ya pili na aliogopa itakufa nayo. Hilo nampa, ingawa nampa kwa mkono wa kushoto. Nikamwuliza kwa nini basi alinidanganya habari za mama wa Buruburu.

Akasema, "Nilijua utaitambua. Nilisimama pale ningoje uniulize, ukaninyamazia. Huo mkanda mliushona bila mimi, mimi niko ndani ya basi. Kila nikiuona nakumbuka."

Nikala mbavu zake. Naye akaendelea kwa sauti ya chini, wala si ile ya ofisini. Alisema, "Wewe hata ukichoma nyumba, dada atasema Oketch alikuwa anaota moto, maskini. Atacheka. Mimi nikivunja kikombe tu, watasema yule wa ofisini ametudharau. Wewe anakupenda bure. Mimi kila mwaka nanunua."

Dada, nitakwambia ukweli wa jambo lililonipata. Nilifurahi. Nilikaa pale Burma na moshi machoni, nikafurahi kwamba mtu mwenye nyumba ya ngazi na geti la kulia ananionea wivu mimi. Ladha yake ilishinda ya zile mbavu. Halafu akasema lile alilokuja kusema. Akaniomba nisikwambie. Nikinyamaza, yeye atakwambia kazi imembana Desemba, hawezi kukaa na wakwe muda wote, kiti cha mjomba anikalie Oketch. Nami nilinyoosha mkono tukapeana. Ndivyo ilivyokuwa. Kiti nilichokililia tangu kuzaliwa kwa Adongo nilikipata kwa sahani ya nyama, na nikarudi Umoja nikitembea kwa miguu makusudi ili watu wanione.

Nilifuta yale maneno kwenye simu. Kisha niliiosha pampu kama inavyopaswa kuoshwa. Nilitupa mrija wa zamani, na pete zote hata zile mpya nilizozitia kwanza. Nikaijaza maji ya moto yenye magadi, yale yale unayopikia mboga za kienyeji, nikapampu mpaka yakatoka mbele, nikaiacha ilale nayo. Asubuhi nikamwaga, nikarudia kwa sabuni, nikasuuza mpaka mkono ukachoka. Ndipo nikanyunyizia maharagwe mengine niliyopanda kwenye mkebe, nikayalinda kama mtoto mchanga. Yamesimama mpaka leo. Wacuka ameyakagua, akasema haya, safari hii umeosha. Kwa hiyo usiogope. Miche yako ya pili iko salama.

Ningekuwa nimemaliza hapo, na barua hii isingekuwepo. Lakini jana Adongo alinipigia simu. Mtoto yule huwa halii, unajua. Alisema umemtuma aende kwa mke wa Odero akamwambie asikanyage jikoni siku ya wageni. Alisema amesimama kwenye ile miiba mara kadhaa na kushindwa kuivuka, kwa sababu mama yule ndiye aliyemshika kanisani siku ya kubatizwa, na ndiye aliyemfundisha kukoroga ugali wa watu wengi. Kisha akaniambia, "Mjomba, mama hukusikiliza wewe. Mwambie nyanya ni nyanya tu."

Anasema unanisikiliza mimi. Nilimwambia nitaona. Nikakata simu, nikamtazama Winny, naye akanisogezea kalamu ya mtoto.

Basi ndiyo hayo, dada. Jicho la mke wa Odero halina kosa. Iliyoua nyanya zako ni dawa ya nyasi za Ooko, na aliyeuziba ua wako kwa miiba ni mimi na chungu changu cha Kariobangi. Chungu chenyewe hakikusifiwa na mtu. Kilianguka kutoka mezani. Usingoje Jumapili. Nenda kwake leo, toa ile miiba kwa mkono wako, na nyanya za kwanza zikiiva zianzie kwake.

Nilimpa Ooko mkono wangu nitanyamaza, na mkono huo huo ndio unaoandika. Hili litanikaa. Na yeye ndiye aliyekuletea barua hii mgongoni bila kujua, jambo ambalo usiku wa leo linanichekesha na kunichoma kwa zamu. Kwa hiyo nakuomba usimwonyeshe. Mpe chai, mketi naye, mpe nafasi. Anaondoka Jumapili mchana. Akikwambia kwa kinywa chake mwenyewe, choma karatasi hii, na kiti cha mjomba kiwe chake, kwa sababu mtu aliyeweza kumwambia dada yake neno kama hilo ataweza kuwaambia wakwe neno lolote. Mimi nitakaa hata kwenye debe. Nitaumia, usidhani sitaumia. Asipokwambia, amua wewe, lakini ile miche ya pili usisahau kwamba aliiwazia yeye kabla yangu.

Pampu ukimaliza nayo isuuze kila mara, uinamishe kichwa chini na kifuniko wazi, ndani ya nyumba na si juani. Dawa ya magugu itafutie pampu yake peke yake. Na hii usimwazime mtu. Awe Ooko, awe mchungaji, awe mimi.

Nisalimie Adongo, mwambie maneno yake yamefika. Nisalimie Odero na hasa mke wake, na goti lako, na ng'ombe mwekundu. Winny anasema atakuja na sufuria yake kubwa. Mungu awalinde mpaka tuonane Desemba, mahali popote mtakapokuwa mmeniweka.

Ndugu yako,
Oketch
Fundi Mkuu wa Pampu, Umoja na vitongoji vyake

Nimesahau. Kile kipande cha sare ya mama kilichobaki tuliposhona mkanda bado ninacho sandukuni. Winny anasema nimpe Ooko. Bado nafikiria.